Moto wa Kale Chini ya Mashamba Yetu

Katika nchi iliyo kati ya Malava na milima ya Maragoli, jembe la mkulima hugonga mawe ya namna mbili. La kwanza ni jiwe la kijivu au la rangi ya waridi, gumu, lenye punje kubwa zionekanazo kwa macho: nyingine nyeupe kama maziwa, nyingine angavu kama kioo, na nyingine nyeusi zenye kumetameta. Jiwe hilo jina lake ni itale, na wengi hivi leo huliita graniti. La pili ni jiwe jeusi, au la kijani, au la kahawia. Punje zake ni ndogo hata hazionekani, na mara nyingi hupasuka vipande bapa. Watu wanaoponda kokoto kando ya barabara wayajua yote mawili kwa mkono, kwa kuwa kila moja huitikia nyundo kwa namna yake.

Wengi hudhani kwamba mawe yote yalifanyika wakati mmoja, yakakaa kimya tangu hapo. Sivyo. Mawe hayo mawili ni mwenyeji na mgeni. Jiwe la punje ndogo lilikuwapo kwanza. Itale ilikuja baadaye kutoka chini, nayo haikuja ikiwa jiwe, bali ikiwa rojo la moto. Ilijipenyeza kati ya mawe ya kale, ikayasukuma, ikayachoma, ikayageuza hali. Pale wawili hao walipogusana ndipo ilipo asili ya mambo mengi yatuhusuyo: dhahabu ya Kakamega, ugumu wa mawe ya kujengea, maji ya visima, na hata magomvi ya ardhi. Kwa hiyo yafaa kila mwenye shamba aelewe jambo hili, ijapokuwa hakusomea elimu ya mawe.

WENYEJI WA NCHI

Mawe ya kale kupita yote katika nchi hii wataalamu wameyaita kundi la Nyanzia, kwa jina la Nyanza. Umri wake wapata miaka milioni 2,700. Mengi kati yao yalitoka katika volkano za zamani hizo, yakamwagika juu ya nchi au chini ya maji, yakapoa na kuwa mawe meusi na ya kijani. Juu yake yakaja mawe ya kundi la pili, liitwalo Kavirondo. Haya hayakutoka motoni. Ni changarawe, mchanga na tope vilivyochukuliwa na mito kutoka katika mawe ya Nyanzia yenyewe, vikalala tabaka juu ya tabaka, vikashikamana na kuwa mawe.

Kisha nchi nzima ikabanwa kwa nguvu nyingi. Tabaka zilizokuwa zimelala zikakunjwa kama mkeka, nyingine zikasimama wima. Kwa ajili ya kubanwa huko na joto la chini, mawe yakaanza kugeuka: tope likawa jiwe la kupasuka bapa, na volkano nyeusi ikapata rangi ya kijani. Ndiyo sababu mawe ya namna hii huitwa mawe yaliyogeuzwa.

Hesabu ya miaka milioni 2,700 ni vigumu kuishika kwa akili, basi na tufanye mfano. Mtu asimame katika soko la Malava, aanze kutembea, na kila hatua iwe miaka milioni moja. Upande wa kaskazini-magharibi, siku isiyo na mawingu, auona Mlima Elgon. Mlima huo nao ni volkano, lakini ni wa majuzi tu, kwani ulikuwa ukitoa moto yapata miaka milioni 20 iliyopita. Hatua ishirini, na mtu yule hajatoka sokoni. Lakini ili afike zamani za itale yetu, hapana budi atembee hatua 2,500 au zaidi, yaani karibu kilomita mbili, na kila hatua ni miaka milioni.

MGENI KUTOKA CHINI

Sasa tuitazame safari ya itale. Chini sana ya nchi, makumi ya kilomita, joto lilizidi hata mawe yenyewe yakaanza kuyeyuka. Rojo lililofanyika hivyo lilikuwa jepesi kuliko mawe mazito yaliyolizunguka, na kitu chepesi hakikai chini ya kizito kikiwa na njia. Mafuta ya taa yakitiwa chini ya maji hupanda juu yenyewe. Hali kadhalika rojo lile likapanda, polepole, likitafuta nyufa.

Lilipoona ufa, liliingia na kuupanua. Palipokuwa hapana ufa, lilisukuma mawe ya kale pembeni hata yakajipinda kulizunguka. Pengine lilimega mapande ya mawe ya kale kutoka katika dari na kuta, yakadidimia ndani yake kama vipande vya muhogo katika mchuzi. Mapande mengine yaliyeyuka. Mengine yamebaki hata leo.

Joto la rojo hilo lilikuwa kama digrii 700 au 800 za sentigredi. Maji huchemka kwa digrii 100, basi msomaji apime mwenyewe. Hata hivyo rojo la itale halikufika juu ya nchi. Lilisimama kilomita nyingi chini, likiwa limefunikwa na mawe kama kaa lililofunikwa kwa majivu, likapoa kwa muda wa mamia ya maelfu ya miaka, au zaidi. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yake na Elgon: Elgon ilitapika moto wake hewani, itale iliuzuia tumboni.

Kupoa huko kwa polepole ndiko kulikoipa itale punje zake kubwa. Watengenezaji wa sukari wanalijua jambo hili. Maji ya miwa yaliyochemshwa hata yakawa mazito, yakipozwa kwa haraka hufanya bonge lisilo na punje. Yakiachwa yapoe kwa utaratibu, punje hupata nafasi ya kukua. Mnamo mwaka wa 1798 Sir James Hall wa Uskoti alionyesha kwamba mawe nayo hufuata kanuni hiyo. Aliyayeyusha mawe meusi ya volkano katika tanuru. Alipoyapoza upesi yakawa kama kioo. Alipoyapoza taratibu yakarudi kuwa mawe yenye punje.

Huenda msomaji akauliza: Ikiwa itale ilipoa kilomita nyingi chini, mbona leo iko juu na watoto wanaicheza? Jawabu ni mvua na wakati. Kwa muda wa miaka mingi isiyo na kifani, mvua ililegeza mawe yaliyofunika, nayo mito ikayachukua chembe kwa chembe hata baharini na maziwani. Kazi hiyo haijakwisha. Mto Lusumu na Mto Isiukhu, ukitazama maji yake mekundu wakati wa masika, ungali ukiifanya mbele ya macho yetu. Baada ya dari kuondolewa, itale ikafunuliwa. Kwa kuwa ni ngumu, imebaki katika vilima na majabali, kama yale yajulikanayo na kila msafiri wa barabara ya Kisumu.

Jabali mashuhuri kuliko yote ni lile la Ilesi, kusini ya mji wa Kakamega, ambalo watu huliita Jiwe Liliaalo. Limesimama kama nguzo, urefu wake kama mita 40, na jiwe kubwa limekaa juu yake kama kichwa. Maji hutiririka katika mfereji wake kama machozi. Hapana mtu aliyelisimamisha. Itale ilipopoa ilipasuka nyufa za wima na za kulala. Maji yakaingia katika nyufa hizo, yakaoza pembe za jiwe, mchanga wake ukachukuliwa, na kilichobaki ni moyo wa jabali.

TANURI LA MATOFALI

Tumesema kwamba itale iliyachoma mawe ya kale. Mwenye kutaka kuelewa asiende mbali, na aende kwenye tanuri la matofali. Matofali yaliyo karibu na mdomo wa moto hutoka mekundu, magumu, yakigongwa hulia kama kengele. Ya katikati yameiva kiasi. Ya nje kabisa ni mabichi, na mvua moja yatosha kuyarudisha kuwa udongo. Udongo ni ule ule mmoja. Kilichotofautisha ni umbali wa moto.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mawe ya tope ya Kavirondo na mawe meusi ya Nyanzia. Yaliyogusana na rojo yaliungua hata yakapoteza tabaka zake, yakawa mawe magumu, meusi, yasiyopasuka bapa tena. Ndani yake vikaota vitu vipya ambavyo havikuwapo: vigae vidogo vya ulanga mweusi, na madoa madoa kama mbegu. Havikuletwa kutoka nje. Ni vitu vile vile vya tope, vilivyojipanga upya kwa nguvu ya joto, kama udongo wa mfinyanzi usivyoongezwa kitu motoni na bado hutoka ukiwa chungu. Kadiri mtu aendavyo mbali na itale, alama hizo hupungua, hata akafika kwenye mawe yasiyoonja moto huo. Upana wa ukanda ulioungua haulingani kila mahali. Pengine ni mita chache tu, mahali pengine hufika kilomita moja au zaidi, kwa kufuata ukubwa wa rojo lililoingia.

JINSI TUNAVYOJUA

Hapana mtu aliyekuwapo kuyaona mambo haya. Yawezekanaje basi kusema kwa hakika kwamba mgeni ni itale?

Swali hili liliwagawanya wataalamu wa Ulaya katika karne ya 18. Mwalimu mashuhuri wa Ujerumani, Abraham Gottlob Werner, alifundisha kwamba itale ndiyo jiwe la kwanza kabisa, nayo ilitulia kutoka katika maji ya bahari ya kale, kama chumvi inavyotulia chunguni. James Hutton, Mskoti aliyepata pia kuwa mkulima, hakukubali. Mwaka wa 1785 alikwenda katika bonde la Glen Tilt, kwao Uskoti, akakuta mahali ambapo mto umeyasafisha mawe. Hapo aliona itale nyekundu imeingia katika jiwe jeusi la kale kwa mishipa mingi, mikubwa na midogo, kama mizizi ya mti iingiavyo ukutani. Inasimuliwa kwamba alipiga kelele kwa furaha hata waliomwongoza wakadhani ameona dhahabu au fedha.

Hoja yake ilikuwa nyepesi, na mtoto aweza kuifuata: kikatacho ni kipya kuliko kikatwacho. Huwezi kupasua ukuni ambao bado haujakuwa mti. Ikiwa itale imelikata jiwe jeusi, basi jiwe jeusi lilikuwapo kwanza. Na ikiwa imejaza kila ufa hata mwembamba kama uzi, basi ilikuwa majimaji ilipoingia.

Alama hizo hizo mtu aweza kuzitafuta katika Kakamega, katika machimbo ya kokoto na penye miamba ya mito. Kwanza, mishipa ya itale iliyochanja jiwe la kale. Pili, mapande ya jiwe jeusi yaliyonaswa ndani ya itale. Tatu, jiwe la kale lililo gumu zaidi kadiri liwavyo karibu na itale. Penye alama hizo, msomaji ajue kwamba amesimama pale mgeni alipobisha hodi. Na siku iliyo wazi akitazama mashariki kutoka Malava, ataona ukuta wa Nandi. Huko ndiko ukingo wa nchi hii ya kale ulipo. Mbele yake huanza mawe ya ukanda mwingine, yaliyogeuzwa katika zamani nyingine za baadaye.

MGENI NA DHAHABU

Wazee husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mawe neno hili lilitimia kwa namna ya ajabu. Nchi ilipobanwa na kuungua, maji yaliyokuwamo katika mawe ya kale, pamoja na mengine yaliyotoka katika rojo lenyewe, yalipata joto kali, yakakimbilia nyufa. Maji hayo hayakuwa matupu. Yalibeba kwatzi, salfa, chuma, na dhahabu kidogo sana iliyokuwa imetawanyika. Yalipopanda na kupoa hayakuweza tena kubeba mzigo wake, yakauacha katika nyufa. Kwatzi ikawa mshipa mweupe, na ndani yake chembe za dhahabu. Kwa hiyo dhahabu ya Kakamega hutafutwa hasa katika mishipa iliyo ndani ya mawe ya kale na kandokando ya itale, wala si katikati ya itale.

Mwaka wa 1931 Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, alipata dhahabu katika mchanga wa mto Yala. Habari zikaenea, na kwa muda mfupi Wazungu wapatao elfu moja wakamiminika Kakamega, wengi wao wakulima waliokuwa wamefilisika kwa kuanguka kwa bei za mazao. Na hapo palitokea jambo lisilosahaulika. Mwaka wa 1930 Serikali ya ukoloni ilikuwa imetoa sheria kuahidi kwamba ardhi ya wenyeji itakuwa yao milele, na kama sehemu ikitwaliwa, watapewa ardhi nyingine ya kadiri hiyo. Desemba 1932 sheria hiyo ilibadilishwa, ili ardhi yenye dhahabu iweze kutwaliwa kwa malipo ya fedha tu. Ahadi ya milele ilidumu miaka miwili. Mgodi wa Rosterman, uliokuwa mkubwa kupita yote, ulifungwa mwaka wa 1952. Wageni wa 1931 waliondoka. Mashimo yakabaki kwa wenyeji.

Leo swali limerudi. Wachimbaji wadogo wangali wakichimba kwa sururu na karai, na mwaka wa 2020 kampuni ya Shanta Gold ilinunua mradi wa utafiti ambao umekadiria zaidi ya wakia milioni moja za dhahabu chini ya nchi ya Isulu na Bushiangala, katika Ikolomani. Mashamba yaliyo juu ya mishipa hiyo yana watu, makaburi na migomba.

NENO KWA MWENYE SHAMBA

Kutokana na haya, yako mambo machache yapasayo kukumbukwa.

Kwanza, si kila king'aacho ni dhahabu. Ulanga ulio katika itale hung'aa sana juani, lakini ni mwepesi, huambulika kwa ukucha, na maji huuchukua. Lipo pia jiwe la chuma na salfa, la manjano, ambalo limewadanganya wengi. Liponde kwa nyundo: hilo huvunjika na kuwa unga mweusi. Dhahabu haivunjiki, hutandazika.

Pili, mshipa ni mwembamba na hufuata ufa. Kwamba jirani amepata si dalili kwamba nawe utapata, wala kwamba jana ulipata si dalili ya kesho. Mtu asiuze ng'ombe wala kung'oa mahindi kwa ajili ya tetesi.

Tatu, jiwe lililooza si la kuaminiwa. Karibu na uso wa nchi, itale na mawe ya kale yamelegezwa na maji kwa miaka mingi, na kuta za shimo zisizotegemezwa kwa miti huporomoka, hasa wakati wa mvua. Na zebaki itumiwayo kukusanya dhahabu ni sumu. Moshi wake hauonekani, huharibu ubongo na figo, na huwadhuru zaidi watoto. Asiichome mtu jikoni, wala karibu na kisima.

Nne, sheria ijulikane. Kwa Katiba ya mwaka 2010, madini ni mali ya umma, wala si ya mwenye hati ya shamba. Lakini Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yataka idhini ya mwenye shamba kabla ya mtu kuingia kutafuta madini katika ardhi yake, nayo imeagiza kwamba katika mrabaha ulipwao Serikalini, sehemu 70 katika mia ziende Serikali Kuu, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali pale. Mtu asitie sahihi karatasi asiyoielewa. Na amtafute mtu wa kumsomea kabla ya siku ya malipo, si baada yake.

Tano, hata pasipo dhahabu, mawe haya yana faida. Udongo utokanao na itale kwa kawaida una mchanga mwingi, hupitisha maji upesi, wataka samadi zaidi. Ule wa mawe meusi ya kale mara nyingi ni mwekundu, mzito, na hushika unyevu. Mwenye kuchimba kisima naye ajue kwamba itale nzima haina maji ila katika nyufa zake. Maji hukaa katika sehemu iliyooza juu yake, na pengine katika mpaka wake na jiwe jingine.

Itale ilipoingia haikuomba ruhusa, na mawe ya kale hayakuwa na la kusema; yaliungua tu yakawa magumu. Binadamu yeye ana ulimi, na ana sheria. Atakayekuja kesho kubisha hodi kwa sababu ya mishipa ile afunguliwe mlango na mwenyeji ajuaye kilicho chini ya miguu yake, na thamani ya kilicho juu yake.